Mama anasikia sauti ukumbini lakini hashiki maneno: tukae wapi?

*“Mimi ni mwalimu, ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Mama yangu ana miaka 71 na tangu ujana wake anapenda michezo ya kuigiza ya Kiswahili. Zamani hakukosa kundi la Mufwankolo kwenye redio na televisheni. Mwaka huu nilimpeleka kuona mchezo katika ukumbi wa zamani uliokarabatiwa: viti vipya, rangi mpya, kila kitu kinang’aa. Tulikaa nyuma, chini ya balkoni. Alisikia sauti lakini hakushika maneno. Mimi pia nilipoteza mengi. Watu walipopiga kelele ‘ongeza sauti’, fundi aliongeza, ikawa mbaya zaidi. Mwalimu mwenzangu anasema wazee waliojenga kumbi hizo walikuwa na siri ya sauti, na ukarabati umeiua. Dada yangu anasema ni masikio ya mama tu. Mwezi wa kwanza kuna mchezo mwingine pale pale. Mama ana magoti mabaya. Ninunue tikiti za VIP za mstari wa kwanza, nimtafutie mashine ya masikio, au tubaki nyumbani?”*

Msibaki nyumbani, mwalimu. Umeeleza jambo moja kwa usahihi mkubwa, nalo ndilo lenye jibu: mama alisikia sauti, akakosa maneno. Mtu anayekosa sauti anahitaji nguvu zaidi. Anayekosa maneno anahitaji sauti safi, na sauti safi haipatikani kwa kuongeza bafle, yaani spika. Inapatikana kwa kukaa karibu na anayesema, kwa ukimya ndani ya ukumbi, na kwa kuwa mbali na kuta na dari zinazorudisha sauti kwa kuchelewa. Mwenzako ana sehemu ya ukweli, dada yako naye ana yake. Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, kilichowaumiza zaidi usiku ule ni pale mlipokaa.

Nianze na kinachotokea kwenye neno lenyewe. Katika usemi, nguvu iko kwenye irabu. Konsonanti ni dhaifu, ni fupi, na nyingi ziko kwenye sauti za juu; mara kwa mara zinakuwa chini ya irabu kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 10 hadi 20. Hata hivyo, hizo dhaifu ndizo zinazotenganisha kaa, paa, taa na saa. Mchezaji anatamka silabi nne au tano kwa sekunde, kwa hiyo silabi moja inachukua kama sehemu ya tano ya sekunde. Sasa chukua ukumbi ambao sauti inachukua sekunde 2 kuzimika, yaani kushuka kwa desibeli 60. Silabi inayofuata ikianza, iliyotangulia imeshuka desibeli 6 tu. Irabu ya nyuma bado inavuma hewani na inaifunika konsonanti mpya. Msikilizaji anapata mfululizo wa “aa-aa-ii-aa”. Ndiyo maana mama alisema anasikia, na alikuwa anasema kweli. Ukumbi huo huo ukizimika kwa sekunde 1, silabi ya nyuma imeshashuka desibeli 12, na konsonanti inapata nafasi ya kupita. Kwa mchezo wa maneno, sekunde 1 au chini kidogo ndiyo inayotafutwa. Orkestra kubwa inapenda karibu sekunde 2, na hapo ndipo kumbi zinazotumika kwa kila kitu, muziki leo, mchezo kesho, mkutano keshokutwa, zinapata taabu.

Si kila sauti inayorudi kutoka ukutani ni adui. Ile inayorudi haraka, ndani ya milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 50 hivi baada ya ile iliyokuja moja kwa moja, sikio linaiunganisha nayo na neno linapata nguvu. Sauti inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 50 ni safari ya ziada ya mita 17. Dari ya chini juu ya jukwaa, na kuta za pembeni karibu na safu za mbele, zinasaidia. Ukuta wa nyuma ulio mbali, hasa uliopinda kwa ndani, unarudisha sauti kwa kuchelewa na kuikusanya mahali pamoja. Hapo ndipo mtu anasikia neno mara mbili.

Sasa utaona kwa nini kuongeza sauti kuliharibu. Fundi akipandisha mikro (maikrofoni), anapandisha sauti inayokuja moja kwa moja na mvumo wa ukumbi kwa kiasi kile kile. Uwiano kati yao haubadiliki hata kidogo. Zaidi ya hapo, sauti nzito zikiwa na nguvu nyingi zinazifunika zile nyepesi, yaani za juu, ndani ya sikio lenyewe, na mikro iliyopandishwa mno inaanza kupiga filimbi. Kwa sikio la mzee kuna ugumu mwingine: pengo kati ya “sisikii” na “inaniumiza” linapungua. Anakosa maneno kwa sauti ya kawaida, ukiongeza kidogo anaziba masikio. Mama akifanya hivyo, asionekane kama mtu asiyejua anachotaka. Mara nyingi fundi angesaidia zaidi kwa kupunguza besi, kuzima mikro zisizotumika, na kumwomba mchezaji asogeze mikro karibu na mdomo.

Chini ya balkoni ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa mtu mwenye masikio dhaifu. Balkoni inakata ile sauti njema ya haraka inayoshuka kutoka darini, na ukuta wa nyuma uko mgongoni kwako. Kama bafle zimetundikwa juu pande mbili za jukwaa, ukiwa chini ya balkoni huzioni. Sauti nzito zinapinda na kukufikia, zile nyepesi zinazobeba konsonanti haziwezi. Kanuni unayoweza kuitumia bila kifaa chochote: usipoiona bafle, konsonanti hazikufikii. Kwa kupima kwa jicho, ikiwa kina cha sehemu iliyofunikwa na balkoni kinazidi urefu wa uwazi wake wa mbele, safu za mwisho zitakuwa taabani. Kumbi nzuri zinaweka bafle ndogo za ziada chini ya balkoni, zikicheleweshwa kidogo ili zilingane na sauti ya jukwaani. Angalia kama pale zipo, na kama zinawashwa.

Kuhusu siri ya wazee waliojenga. Elimu hii ina hesabu yake tangu mwaka 1895, Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipoombwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao wanafunzi hawakuweza kumwelewa mwalimu. Aliingiza matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine, machache, kisha mengi zaidi, akapima kila mara sauti inachukua muda gani kuzimika. Akagundua kwamba muda huo unategemea ujazo wa ukumbi na kiasi cha vitu vinavyofyonza sauti: 0.161 mara ujazo kwa mita za ujazo, gawanya kwa ufyonzaji kwa mita za mraba. Tujaribu kwa ukumbi wa mita za ujazo 4,000 unaozimika kwa sekunde 2. Ufyonzaji wake ni kama mita za mraba 322. Waingize watu 300 kwenye viti vya mbao. Kila mtu anafyonza karibu nusu mita ya mraba, jumla 150. Muda unashuka hadi sekunde 1.4 hivi. Watu wenyewe ni dawa ya ukumbi. Ndiyo maana ukumbi wenye watu wachache unavuma, na ndiyo maana viti vyenye godoro, vinavyofyonza hata vikiwa vitupu, kwa mchezo wa maneno ni faida. Viti vipya vile mwenzako anavyovishuku huenda ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika ukarabati ule.

Lakini hajakosea kabisa. Kumbi za miaka ya 1950 mjini kwetu, kama ile theatre iliyobuniwa na msanifu majengo Claude Strebelle na wenzake wa kundi la Yenga, ambayo leo tunaiita Bâtiment du 30 Juin, ni za kizazi ambacho mchezaji alitegemea koo lake mwenyewe. Ukumbi wa namna hiyo popote duniani unaweza kuharibiwa na ukarabati uliofanywa kwa jicho peke yake. Kosa la kawaida kabisa ni rangi. Paneli za zamani zenye vitundu, au zile za nyuzi za mbao na saruji, zinafyonza sauti kupitia vitundu vyake. Zikipakwa rangi nzito ya mafuta, vitundu vinaziba na zinageuka kuwa ukuta tu. Mengine ni kuondoa mapazia mazito ya pembeni na kuyaacha bila mbadala, kuweka vigae palipokuwa na mbao au zulia, kutoa ubao wa kurudisha sauti uliokuwa juu ya jukwaa ili kutundika taa, na kuingiza mashine za hewa zinazonguruma. Hilo la mwisho watu hulisahau. Ili maneno yaeleweke bila taabu, sauti ya mchezaji inatakiwa iizidi kelele ya ukumbi kwa desibeli 15 hivi, na mzee anahitaji zaidi. Mtambo wa hewa ukiwa juu ya safu yenu, au jenereta ikiwa nyuma ya dirisha lenu siku SNEL, shirika la umeme, imekata, mmeshapoteza kabla pazia halijafunguliwa.

Mara nyingine wapo wanaotaka kuponya mvumo kwa kutandika zulia kila mahali. Zulia jembamba linafyonza sauti nyepesi, zile zile za konsonanti, na kuziacha nzito zikivuma. Ukumbi unakuwa mzito na bado haueleweki.

Unaweza kupima mwenyewe kama tatizo ni ukumbi au ni masikio, kwa nusu saa. Omba kuingia mchana ukumbi ukiwa mtupu. Walinzi na mafundi wengi hukubali ukieleza sababu kwa heshima. Piga kofi moja kali ukiwa jukwaani na mtu mwingine akiwa kwenye viti. Kofi likirudi kama kofi la pili, kuna mwangwi. Likitetemeka haraka haraka, kuna kuta mbili ngumu zinazotazamana. Likivuma kwa muda mrefu, ufyonzaji umepungua. Kisha fanya kipimo cha maneno. Andika maneno 20 yasiyohusiana, mafupi: taa, saa, kaa, fimbo, shimo, kiti, siti, na kadhalika. Mtu ayasome kutoka jukwaani kwa sauti ya kawaida ya mchezaji, wewe na mama myarudie mmoja mmoja. Yasiwe sentensi, kwa sababu ubongo unajaza nafasi zilizopotea na kipimo kinadanganya. Rudieni mkiwa chini ya balkoni, halafu safu ya tano. Kama nyote wawili mnakosa nyuma na mnapata mbele, ni ukumbi. Kama wewe unapata karibu yote safu ya tano na mama anakosa nusu, masikio yanahitaji daktari. Kumbuka tu kwamba ukumbi mtupu unavuma kuliko uliojaa, kwa hiyo siku ya mchezo hali itakuwa afadhali kidogo.

Sasa tikiti. Mstari wa kwanza ni bei kubwa kwa kitu ambacho mama hakihitaji. Jukwaa liko juu, shingo inachoka, mchezaji akigeuka upande sauti inampita, na bafle za pembeni mara nyingi zimelengwa kupita juu ya vichwa vya safu za mwanzo. Tena hapa kwetu safu mbili au tatu za mbele huwekewa wakubwa. Unaweza kununua tikiti na bado watu wa protokole wakawahamisha dakika ya mwisho kwenda nyuma. Kwa mchezo usiotumia mikro, mimi ningechagua kati ya safu ya tatu na ya saba, katikati. Kadiri mnavyokaribia, sauti inayokuja moja kwa moja inazidi kushinda mvumo, na mama anaona midomo. Hata asiyejua kusoma midomo anaitumia bila kujua, na ndani ya mita 8 hivi inasaidia sana. Kwa mchezo wenye mikro, kaeni karibu theluthi ya kwanza ya ukumbi, mahali ambapo mnaziona bafle zote mbili. Karibu na meza ya fundi wa sauti pia ni pazuri, kwa sababu anarekebisha kwa kile anachosikia pale, ila kama meza hiyo ipo chini ya balkoni, iacheni.

Ukingo wa mbele wa balkoni una sauti nzuri sana katika kumbi nyingi za zamani, kwa kuwa dari iko karibu. Ngazi zinamkataza mama, basi tuuache. Kwa ajili ya magoti, mpe kiti cha mwisho wa safu kando ya njia ya katikati, anyooshe mguu. Epuka njia ya kando kabisa, ukutani. Na kama sikio lake moja ni bora kuliko jingine, tumia hilo: sikio zuri likiwa la kulia, kaeni upande wa kushoto mkitazama jukwaa, ili lielekee katikati. Likiwa la kushoto, kaeni kulia.

Mwezi wa kwanza ni mvua. Uliza paa la ukumbi ni la nini. Chini ya mabati yasiyo na dari nzito, mvua kubwa inafunika sauti ya mchezaji yeyote, na hakuna kiti kitakachowaokoa. Ikiwa mchezo unaonyeshwa siku mbili na mojawapo ni mchana, tazama mvua ya siku hizo ilivyo; katika msimu huu mara nyingi inakuja alasiri, asubuhi ikiwa kavu. Tangazo likisema 18h00, fikeni 17h15. Saa hiyo mnachagua viti kwa utulivu, mama anakwenda chooni bila foleni, mnaona milango ya kutokea iko wapi, na masikio yanapumzika baada ya kelele za taksi-basi. Umeme ukikatika, abaki ameketi hadi taa zirudi. Katika giza, wenye magoti mabaya huumia kwenye ngazi wakifuata wanaokimbia.

Kuna msaada mmoja unaopuuzwa ambao hauna gharama. Waombe waandaaji muhtasari wa mchezo na majina ya wahusika, umsimulie mama siku moja kabla. Akishajua kwamba shemeji anakuja kudai shamba, atalitambua neno “shamba” hata likifika limekatika nusu. Baadhi ya watu wanaogopa kwamba hilo linaua mshangao. Kwa mtu anayekosa theluthi ya maneno, mshangao ulishakufa zamani, na kujua kisa kunamrudishia mchezo.

Mashine ya masikio ni jambo zito zaidi, na hapa naomba usiharakishe. Vile vidude vya bei rahisi vinavyouzwa sokoni vinaongeza kila kitu sawasawa: mchezaji, mvumo, kikohozi cha jirani. Vingine vina nguvu ya kudhuru. Mashine halisi inapangwa kwa kipimo cha kila sikio, ikiongeza pale tu palipopungua, na ubongo unahitaji wiki kadhaa kuizoea; asiivae kwa mara ya kwanza usiku wa mchezo. Hata ile nzuri ina mpaka wake. Mikro zake zinasaidia sana mtu akiwa mita moja au mbili. Katika ukumbi kama ule wa mfano wetu, baada ya mita 4 hivi mvumo unakuwa na nguvu sawa na sauti ya mchezaji, na mashine haiwezi kuvitenganisha vizuri. Kwa hiyo mashine haiondoi umuhimu wa kiti. Programu za simu zinazokuza sauti zinaweza kusaidia kidogo, mkitumia visikizi vya waya. Vile visivyo na waya vinachelewesha sauti, na maneno yanafika baada ya midomo kufunga.

Kwenda hospitali ningekutaka uende kabla ya mchezo, hata kipimo cha maneno kikionyesha kwamba ukumbi una makosa. Kwa miaka 71 kupungua kwa sauti za juu, masikio yote mawili, polepole, ni kawaida, lakini daktari ndiye wa kuthibitisha. Huenda pia ni nta tu iliyoziba, jambo linaloonekana kwa dakika chache kwa kifaa cha kuchungulia sikio. Asiingize vijiti vya pamba wala pini. Vinasukuma nta ndani na vinaweza kutoboa ngoma ya sikio. Asidondoshewe mafuta kabla ya kuangaliwa, kwa sababu ngoma ikiwa imetoboka yanaleta madhara. Mkumbushe aeleze dawa alizopata: kwinini, gentamisini na streptomisini zinaweza kugusa masikio.

Ulizia huduma ya ORL (masikio, pua na koo) katika hospitali kubwa za mji, kama Cliniques Universitaires au Jason Sendwe, na omba kipimo cha usikivu kwa kila sikio peke yake. Mweleze daktari kama anashika maneno vizuri nyumbani au hashiki, na kama televisheni inapandishwa kuliko zamani. Usisubiri miadi ikiwa sikio moja limepoteza usikivu ghafla, kwa saa chache au siku mbili tatu; hiyo ni dharura ya siku ile ile, maana matibabu yanafaa zaidi yakianza mapema. Vivyo hivyo kukiwa na usaha, maumivu makali, kizunguzungu kinachomwangusha, au mlio wa upande mmoja usiokoma.

Miadi ikichelewa kupita tarehe ya mchezo, nunua tikiti hata hivyo: safu ya tano, kando ya njia ya katikati, mbali na balkoni.